Pingu Zinamfunga Nani? Ukahaba, Ulanguzi wa Binadamu na Sheria za Afrika Mashariki



Haya ni maandishi ya mazungumzo tuliyofanya na vijana, na tumeyaweka hapa ili ambaye hakufika naye asome. Nimeyaacha kama yalivyosemwa, kwa hiyo usishangae ukiona nakuuliza maswali. Ukiwa na jibu, liandike hapo chini, tutajadiliana.

Mada ni nzito: ukahaba, na biashara ya kuuza watu kwa ajili ya ngono. Najua kuna atakayesema, "Hii si mada yetu. Zinaa ni haramu, basi, tufunge." Sawa. Zinaa ni haramu na hakuna aliyekuja hapa kuihalalisha. Lakini swali la leo ni lingine. Serikali ikija usiku na pingu, inamfunga nani? Na sisi tuliokaa barazani tukitazama, tunamshangilia nani?

Nitakupa jibu langu mapema, kisha wewe upime kama nasema kweli. Katika nchi zetu hizi, sheria kali iliyoandikwa kitabuni inamlenga anayeuza watu. Sheria ndogo inayotumika mtaani inamkamata anayeuzwa. Na hali hiyo inaendelea kwa sababu sisi raia tumeizoea.

Tuanze na maneno

Watu wengi wanachanganya ukahaba na ulanguzi wa binadamu. Ukahaba ni mtu kutoa mwili wake kwa malipo. Ulanguzi ni jambo jingine, hata kama mwisho wake unafanana. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba unaoitwa Itifaki ya Palermo, na nchi nyingi zimejengea sheria zao juu yake. Kwa mujibu wa itifaki hiyo, ulanguzi una sehemu tatu.

Ya kwanza ni kitendo: kumsajili mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumficha au kumpokea. Ya pili ni njia: vitisho, nguvu, udanganyifu, kumteka, au kutumia unyonge wake. Ya tatu ni lengo: kumnyonya, iwe kwa ngono, kwa kazi ya lazima au kwa njia nyingine.

Sasa shika mambo mawili hapo. Kwanza, kama njia hizo zimetumika, kule kusema "alikubali mwenyewe" hakumwokoi mlanguzi. Msichana anaweza kuwa alipanda basi kwa miguu yake akiwa anacheka. Ikiwa aliambiwa anaenda kuuza duka na akafika akafungiwa chumbani, ile tabasamu ya stendi si ridhaa. Pili, kwa mtoto wa chini ya miaka 18, hiyo sehemu ya njia haihitajiki kabisa. Ukimsajili au kumpokea mtoto ili anyonywe, ni ulanguzi, hata kama hakuna aliyemdanganya wala kumtisha.

Na usidhani kwamba lazima mtu avuke mpaka. Msichana anayetolewa kijijini Kilifi akapelekwa Mtwapa anaweza kuwa amelanguliwa sawasawa na yule aliyepelekwa ng'ambo.

Sheria zinasemaje kwetu na kwa majirani

Tuanze nyumbani. Kenya ina Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010, iliyoanza kutumika 2012. Adhabu yake kwa mlanguzi ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia kosa, ni kifungo cha maisha. Ni sheria kali. Lakini angalia hilo neno dogo "au". Mwenye milioni 30 anaweza kulipa na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Kabla ya hapo tulikuwa na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Hiyo inagusa mitaa yetu moja kwa moja. Kifungu cha 14 kinahusu utalii wa ngono na watoto. Kifungu cha 15 kinahusu ukahaba wa watoto, na adhabu yake haipungui miaka 10. Na haimtafuti mteja peke yake. Inamgusa anayemtafutia mteja. Inamgusa mwenye nyumba au msimamizi wa lojing'i anayejua yanayoendelea na anaruhusu. Inamgusa hata anayempa mzazi pesa au bidhaa ili ampate mtoto wake. Kifungu cha 17 kinamlenga anayenufaika na ukahaba wa mwingine kwa kumdhibiti: miaka isiyopungua 5, au faini ya shilingi 500,000, au vyote.

Na Kanuni ya Adhabu, ile ya tangu enzi za Mwingereza? Vifungu vya 153 na 154 vinamlenga anayeishi kwa mapato ya ukahaba na anayemwongoza mwanamke kwa faida, yaani kuwadi. Kifungu cha 156 kinahusu mwenye danguro. Ukisoma vizuri, hutakuta kifungu kinachosema kwamba mtu mzima aliyeuza mwili wake faraghani ametenda kosa. Kinachomkamata ni kuonekana barabarani: kifungu cha 182 kuhusu watu wazembe na wasio na adabu mahali pa umma, na sheria ndogo za kaunti kuhusu kuzurura.

Uganda iko tofauti. Kule Kanuni ya Adhabu inautaja ukahaba wenyewe kuwa kosa, na adhabu inafika kifungo cha miaka 7. Wakati huohuo wana Sheria ya Kuzuia Ulanguzi wa Binadamu ya 2009: miaka 15 kwa kosa la kawaida, 20 likiwa zito zaidi, na kwa ulanguzi mzito wa mtoto sheria inaruhusu hata adhabu ya kifo.

Tanzania walipitisha sheria yao ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008. Kwa miaka mingi hakimu aliweza kumtoza mkosaji faini badala ya jela. Mwaka 2022 waliirekebisha wakaondoa njia hiyo ya kulipa na kwenda. Hapo majirani wametuzidi. Lakini hao hao, kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, kifungu cha 176 bado kinamtaja kahaba anayezurura au kutafuta wateja mahali pa umma.

Rwanda nayo ilipoandika upya sheria ya makosa na adhabu mwaka 2018, iliondoa kosa la kuuza mwili. Utasema basi kule wanawake wamepumzika. Human Rights Watch wameandika kwa miaka kuhusu kituo cha Gikondo, Kigali, ambako machinga, watoto wa mitaani na wanawake wanaoshukiwa ukahaba hushikiliwa bila kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo kufuta kifungu peke yake hakutoshi. Mkono uliozoea kukamata hutafuta jina jingine.

Kwa nini anakamatwa yeye

Umeona sasa? Nchi nne, na zote zimeandika adhabu nzito kwa anayeuza watu. Basi kwa nini ukipita usiku wa msako unaona lori limejaa wasichana, na humuoni kuwadi hata mmoja?

Sababu ya kwanza ni ushahidi. Kesi ya ulanguzi inataka uthibitishe zile sehemu tatu. Inataka msichana asimame kizimbani aeleze. Inataka rekodi za simu, miamala ya M-Pesa, dereva, tiketi, mtu wa lojing'i. Inachukua miaka. Kesi inaahirishwa, shahidi anachoka, anarudi kwao, nauli ya kumrudisha mahakamani haipo. Lakini kesi ya kuzurura haitaki chochote. Askari anasema alimwona amesimama pale saa nne usiku. Msichana anakubali kosa ili aende zake. Anatozwa faini. Asubuhi ileile imeisha.

Sababu ya pili ni pesa. Msichana akikamatwa ana elfu moja kwenye pochi, na anajua akiitoa ataachiwa. Kesho atarudi palepale na atakamatwa tena. Fikiria hiyo kwa mwaka mzima. Mwaka 2008 FIDA Kenya waliandika ripoti kuhusu dhuluma wanazofanyiwa wanawake hawa, pamoja na zile za askari wa mabaraza ya miji wa wakati huo. Mwaka 2013 Human Rights Watch na washirika wao wa Tanzania wakaandika yanayofanana na hayo: polisi wakidai hongo, na wakidai ngono. Yaani aliyetumwa kuzuia uovu anakuwa mteja asiyelipa.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Msichana aliyelanguliwa akiona gari la polisi, anakimbia. Huyo ndiye ambaye sheria ya 2010 inasema, katika kifungu cha 14, kwamba hawezi kushtakiwa kwa kuwa nchini bila vibali wala kwa kosa ambalo limetokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake. Sheria inamwita mwathiriwa. Lakini hakuna aliyemwambia. Kuwadi amemwambia kinyume: "Ukienda polisi, utafungwa wewe." Na kila msako unaofanyika unathibitisha maneno ya kuwadi.

Utafiti unasema mteja ni nani

Hapa Pwani tuna tabia ya kusema haya mambo yameletwa na Mzungu. Mwaka 2006 serikali ya Kenya na UNICEF walitoa utafiti kuhusu utalii wa ngono na unyonywaji wa watoto Pwani yetu. Walikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wanaoishi Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakijihusisha na ngono ya malipo. Hiyo ilikuwa hadi 30 kwa 100 ya wasichana wa miaka 12 hadi 18 wa maeneo hayo. Wengi walianza wakiwa na miaka 12 au 13. Darasa la sita hilo.

Wateja walikuwa nani? Watalii walikuwemo, Waitaliano, Wajerumani na Waswisi. Lakini kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Wakenya, karibu 4 kati ya kila 10. Hao si watu waliopanda ndege kuja. Ni watu wa hapa, wenye kazi, wenye magari, wenye familia.

Na kuna jambo jingine katika utafiti ule ambalo kwangu ni zito kuliko idadi. Watafiti waliwauliza watu wanaoijua jamii wanalionaje jambo hili. Kama robo tatu yao waliliona ni la kawaida au linakubalika. Robo tatu!

Utafiti huo ni wa 2006, na aliyekuwa na miaka 13 wakati ule leo ni mama mtu mzima. Idadi zimebadilika. Lakini jiulize kwa uaminifu: ile hali ya kuona kawaida, imebadilika? Jirani akijenga nyumba ya mawe ghafla na binti yake ana miaka 16, tunauliza? Au tunasema "Mungu amemfungulia"?

Halafu, na hapa ndipo tunajichanganya, binti yuleyule akija kuonekana barabarani bila buibui na bila pesa, ndipo tunamwita malaya. Pesa zikiwepo ni riziki. Pesa zikiisha ni uchafu wa mtaa.

Si wetu tu wanaotoka, wapo wanaoletwa

Tukisikia ulanguzi tunawaza Ghuba. Ni kweli, dada zetu wamepatwa na makubwa huko na tutaendelea kulisema. Lakini Kenya pia inapokea. Mwaka 2019 polisi waliwatoa wasichana 12 wa Nepal katika klabu ya usiku hapahapa Mombasa, walioletwa kucheza ile ngoma inayoitwa mujra. Wasichana kutoka milima ya Himalaya mpaka Mombasa! Hawakujui, hawajui Kiswahili, hawajui kituo cha polisi kiko wapi.

Karibu zaidi, kuna wasichana wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Kwa miaka wamekuwa wakitolewa vijijini Napak kwa ahadi ya kazi za nyumbani, wengine wakivushwa mpaka hadi Nairobi, na Eastleigh imetajwa mara nyingi. Eastleigh ni kwetu. Mle ndani mna misikiti yetu, maduka yetu, na nyumba za watu tunaosali nao safu moja. Mtoto wa kazi asiye na mshahara, asiyeruhusiwa kutoka, ambaye pasi au kitambulisho chake kimefungiwa kabatini mwa tajiri, huyo naye yuko hatarini. Wapo wanaonyonywa jikoni, na wapo ambao baada ya jikoni hupelekwa kwingine. Anayetoroka usiku bila senti na bila lugha ataangukia mikononi mwa nani?

Kwa hiyo tunapodai haki kwa dada zetu walioko Riyadh, ni lazima tufungue na milango ya kwetu. Hatuwezi kulia na kafala ya huko huku tukiendesha kafala ndogo vyumbani mwetu.

Maslaha

Sasa niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Msichana wa miaka 14 akitendewa, mara ngapi wazee hukaa, hutoa fatiha, familia mbili zikakubaliana pesa au mifugo, na mambo yakafunikwa? Tunaita maslaha. Tunasema tunalinda heshima ya familia.

Sheria ya 2006, kifungu cha 40, haiachii wazee uamuzi huo, wala OCS, wala mzazi. Uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au kesi ya kosa la ngono uliwekwa kwa Mwanasheria Mkuu, na kazi ya kushtaki sasa ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa hiyo karatasi iliyotiwa sahihi barazani haina nguvu yoyote ya kufuta kosa. Na pesa ile, ukiitazama kwa makini, ni bei. Mtoto ametendewa kisha akathaminishwa kwa shilingi, na pesa wakachukua watu wengine. Huyo anatofautianaje na aliyeuzwa?

Nawaheshimu wazee wetu. Suluhu ni jambo jema katika ugomvi wa shamba, wa deni, wa mume na mke. Katika hili, hapana. Mwenye kulindwa ni mtoto, si jina la ukoo.

Na dini?

Mimi si sheikh na sitatoa fatwa, waulizeni wenye elimu. Lakini Surat An-Nur tunaisoma sote. Aya ya 33 inakataza kuwalazimisha wasichana katika uzinzi kwa kutafuta mali ya dunia, na inawataja waliolazimishwa pamoja na msamaha na rehema za Mwenyezi Mungu. Mwenye kulaumiwa pale ni aliyelazimisha. Na katika sura hiyohiyo, mwanzoni kabisa, kuna onyo kali kwa mtu anayemtuhumu mwanamke uzinzi bila mashahidi wanne.

Sasa pima na sisi. Picha ya msichana aliyekamatwa kwenye msako inaingia kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku, na kabla ya alfajiri imesambazwa na watu mia mbili, uso wazi, jina limeandikwa, mtaa umetajwa. Mashahidi wanne wako wapi? Umejuaje kwamba hakuletwa kwa nguvu? Umejuaje kwamba hakuwa akitoka kazini hoteli? Kidole chako kilichobonyeza "tuma" ni mtuhumu kama mdomo.

Sheria ya kuzurura ni yako pia

Kuna kaka atasema, "Haya ni ya wanawake, mimi yananihusu nini?" Nikuulize. Umewahi kushikwa umekaa kona na wenzako baada ya isha, ukaambiwa unazurura? Askari hakukuambia kosa, alikwambia tu upande gari. Basi ujue familia ya sheria iliyokukamata wewe ndiyo iliyomkamata yule msichana. Asili yake ni Uingereza, Sheria ya Uzururaji ya 1824, iliyotungwa kuwaondoa maskini barabarani. Wakoloni walizileta huku ili mtu mweusi asionekane mjini bila kazi ya Mzungu. Wao wakaondoka, sheria ikabaki.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, ilitoa maoni ya ushauri iliyoombwa na chama cha mawakili wa Afrika. Ikasema sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikabatilisha sehemu za kifungu chao cha uzururaji. Hayo ni ya majirani, na yanatupa nguvu ya kuuliza kaunti zetu: sheria zenu ndogo mnazirekebisha lini?

Usinielewe vibaya. Sisemi barabara ziwe soko la miili. Nasema askari mmoja, kwa usiku mmoja, ana saa chache tu na gari moja. Akizitumia kukusanya wasichana kwa kosa la kusimama, hana saa za kumfuata anayewaleta. Na kuwadi anajua hivyo.

Sasa ufanye nini

Sipendi mazungumzo yanayoishia "tuelimishe jamii" halafu watu wakaenda nyumbani. Kwa hiyo haya hapa.

Moja. Ukiletewa kazi, au dada yako akiletewa, mulize ajenti yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, yaani NEA. Nenda ukathibitishe mwenyewe, usikubali picha ya cheti kwenye simu. Mkataba usomwe kabla ya safari, na nakala ibaki nyumbani. Pasi haikai kwa mtu mwingine. Ajenti anayekuharakisha, anayekwambia usimwambie mtu, anayetaka msichana asafiri peke yake usiku, huyo mkimbie.

Mbili. Ukishuku mtoto ananyonywa, piga 116, ni ya bure. Ukatili wa kijinsia, piga 1195. DCI wana kitengo cha kupambana na ulanguzi wa binadamu na kuwalinda watoto, na kina ofisi Nairobi na Mombasa. Ukienda kituo chochote cha polisi, hakikisha jambo limeandikwa na umepewa namba ya OB. Usiondoke bila hiyo namba. Usijaribu kuvunja mlango wewe mwenyewe na wenzako. Utamweka msichana hatarini na utaharibu ushahidi.

Tatu. Msako ukitokea mtaani kwako, msifukuze wasichana kwa mawe wala kuwapiga picha. Andika namba ya gari, saa na mahali. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Haki hiyo haichagui aliyevaa hijabu na asiyevaa. Ukiona aliyekamatwa ni mtoto, au haelewi lugha, lisemeni hilo kituoni kwa sauti: huyu anaweza kuwa mwathiriwa wa ulanguzi, achunguzwe kwanza.

Nne, na hii ni ya akina kaka. Biashara hii haina duka bila mnunuzi. Tunawajua. Yule anayejisifu kijiweni kuhusu "katoto ka form two", mnamcheka naye. Siku ile mtakapoacha kucheka, akaona mmenyamaza wote mkimtazama, mtakuwa mmefanya kazi ambayo hakuna sheria imeweza kuifanya mtaani kwetu.

Tano, msichana akitaka kutoka, awe na pa kwenda. Sheria ya 2010 ilianzisha mfuko wa kitaifa wa kusaidia waathiriwa, na ni haki yetu kuwauliza wabunge wetu unapata kiasi gani kila mwaka na unawafikia akina nani. Lakini kabla ya mfuko wa serikali, kuna sisi. Misikiti yetu inachangisha kwa ajili ya harusi, mazishi na mabomba ya maji. Je, umewahi kusikia mchango wa kumlipia msichana kodi ya miezi mitatu na karo ya ushonaji ili asirudi barabarani? Kama mtaa wenu mmefanya, tuambieni mlivyofanya, tujifunze. Kama hamjafanya, pelekeni wazo hilo kwa kamati ya msikiti Ijumaa hii.

Maswali mliyouliza kuhusu kesi za watoto na namna shahidi anavyolindwa mahakamani tutayajibu kwa maandishi mengine, inshallah. Kwa ufupi tu: sheria inaruhusu shahidi aliye dhaifu atoe ushahidi akiwa amekingwa asimwone mshtakiwa, au kupitia mtu wa kumsaidia kusema. Kwa hiyo usimkatishe tamaa mtoto kwa kumwambia atasimamishwa mbele ya watu wote.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu na mabinti wa wenzetu, na atupe ujasiri wa kumtazama mwenye pesa usoni.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.